Mkopo wa kujenga nyumba za kupangisha: natoa nyota 3 kati ya 5

Wakuu, meseji ya rejesho la kwanza iliniingilia nikiwa site Kivule namuangalia fundi anapiga kenchi za paa. Hakuna bati, hakuna mlango, mpangaji ndo kabisaa hata dalali sikua nimeongea nae, na benki inataka 817,000 kabla ya tarehe 5. Jina la benki silitaji maana bado wananidai, ila ni hizi hizi kubwa zenye matawi kila kona ya Dar.

Mkopo wenyewe ulikua milioni 40, miaka 7, riba asilimia 17 kwa mwaka, kujenga nyumba sita ndogo kwenye kiwanja kimoja, kila moja chumba, sebule, jiko na choo ndani. Dhamana niliweka nyumba ninayoishi Tabata kwasababu ndo yenye hati, na hapo mke lazima akubali na asaini, nyumba ya ndoa huiweki rehani kimya kimya. Bora alisaini aisee maana yeye alisoma mkataba kurasa zote mimi nikiwa natafuta kalamu, yeye ndo aliona pale palipoandikwa wanaweza kupandisha riba kwa notisi tu.

Nyota ya kwanza nawapa kwa namna wanavyopiga riba. Wao wanahesabu kwenye salio lililobaki. Kabla yao nilipita ofisi moja ya mikopo Kariakoo nao wakasema 17 hiyo hiyo, nikashuka ngazi nafurahi, kufika nyumbani nachukua kalkuleta naona kumbe wao 17 wanaipiga kwenye milioni 40 nzima kila mwaka mpaka mwisho hata kama umebakiza milioni 3, yani rejesho linakua milioni moja na elfu 42 na kitu kwa mwezi. Ukijumlisha miaka 7 tofauti inafika kama milioni 19. Hiyo hela si boma lingine limesimama hapo? Kwahiyo ukiambiwa asilimia usiishie hapo, waambie wakuchapie ratiba ya marejesho mwezi kwa mwezi uione kwa macho.

Afisa mikopo wangu nae alikua mtu poa, simu anapokea hata jumamosi. Alinifundisha kitu kimoja, pango la vyumba vyangu vitatu vya zamani nilikua napokea mkononi, kwao hiyo ni sawa na haipo. Nikahamishia kwenye akaunti miezi sita na mikataba ikapita serikali ya mtaa, ndo wakaanza kuihesabu kama kipato.

Sasa shida. Hela haiji yote, inakuja awamu tatu, milioni 16, 14, halafu 10, na kila awamu mthamini wao aje site apige picha aandike ripoti. Awamu ya kwanza fasta. Ya pili imekaa wiki tisa, mara mthamini yuko Dodoma, mara ripoti haina muhuri, fundi wangu akaondoka akaenda kwa mtu mwingine Chamazi na masika ikanikuta na kuta ziko wazi. Na ile miezi sita ya kulipa riba tupu bila mkopo wenyewe, inaanza kuhesabiwa siku ya awamu ya kwanza! Wao wamechelewesha, saa yao haikusimama. Nikalipa marejesho mawili kutoka kwenye mshahara, na la tatu nilikopa kwa shemeji, aibu yake naijua mimi.

Halafu makato. Ada ya kushughulikia mkopo laki sita, mthamini laki nne namlipa mimi, bima, mwanasheria, kwahiyo usipige BOQ (yale makadirio ya vifaa na gharama za ujenzi) ya milioni 40 ukadhani utashika 40.

Ila kilichoniuma zaidi ni ile karatasi yao ya hesabu. Nyumba sita kwa pango la laki na nusu kila moja kwa mwezi ni laki tisa, toa rejesho inabaki 83,000, mradi unajilipa, safi. Kwenye karatasi wapangaji wamejaa miezi 12 yote na hakuna mtu anaitwa TRA. Kodi ya pango ni asilimia 10, yani 90,000, hapo tayari niko chini elfu saba na nyumba zote zimejaa. Akihama mmoja nyumba ikalala mwezi mtupu, nachimbia mfukoni laki na zaidi. Bado bomba halijapasuka, bado karo halijajaa. (Ile kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU 1,500 kwa mwezi, ndogo, ila mpangaji akikatwa yeye atakupigia saa nne usiku kukudai.)

Na watu wanalipa miezi sita kwa mkupuo, unajiona tajiri wiki moja. Mimi niliifungulia akaunti ya pembeni haina kadi, rejesho linachomolewa humo.

Kosa langu lilikua kuanza na hela ya benki kutoka msingi. Ningepandisha boma kidogo kidogo, tofali leo, nondo mwezi ujao, nikapaua kwa hela yangu, ningeenda kwao kuomba milioni 18 tu za plasta, madirisha, taili na umeme. Rejesho lingekua kama 368,000, nyumba tatu zinalilipa na miezi mitatu wapangaji wako ndani. Kwa kazi hiyo ya kumalizia huu mkopo ni mzuri kweli, hata leo ningeuchukua.

Saivi nina boma jingine nyuma ya hizo sita, liko kwenye lenta, linaota majani. Afisa kanipigia wiki iliyopita anasema naweza kuongezewa. Nimemwambia nitamtafuta nikishapiga bati.