Tacx NEO 2T: mashine ya baiskeli ya nyumbani kwa mwanatriathloni wa Kampala aliyevuka miaka 50

Umeme ukikatika alfajiri, mashine nyingi za kufungia baiskeli nyumbani hugeuka chuma kitupu: mashine haibadili tena ugumu wa pedali, namba zinafutika kwenye simu, na mazoezi ya saa tatu yanafia dakika ya arobaini. Tacx NEO 2T huendelea. Ndani yake hamna mkanda wala gurudumu zito la chuma. Kuna mota ya sumaku, na mtu anapokanyaga, mota hiyo hiyo huzalisha umeme wa kuiendesha mashine. Inapima wati, inaongea na simu kwa Bluetooth au na saa za mazoezi kwa ANT+, inaongeza ugumu mlima wa kwenye programu ya mazoezi unapoanza, yote hayo hata yuniti za Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, zikiwa zimeisha. Bila umeme wa ukutani unakosa ile nguvu ya mota kujizungusha unapoteremka mlima wa kwenye programu. Pia ukikaa muda bila kukanyaga, mashine inazimika na mawasiliano yanakatika, kwa hiyo weka chupa zote karibu kabla hujapanda.

Kwa hapa Uganda, hiyo ndiyo sababu ya kuichagua. Mashine za bei ndogo zaidi nazo hupima wati vizuri na nazo hazipigi kelele sana.

Anayejiandaa kwa triathloni ndefu ana kilomita 3.8 za kuogelea, 180 za baiskeli na 42.2 za kukimbia, na ukomo wa kawaida ni saa 17. Baiskeli hula karibu nusu ya muda huo. Umri wenyewe haumzuii mtu: Hiromu Inada wa Japani alimaliza mashindano ya dunia ya Ironman, yaani triathloni hiyo ndefu, huko Kona, Hawaii, mwaka 2018 akiwa na miaka 85. Lakini mwaka 2015 mzee huyo huyo alifika mwisho sekunde tano baada ya muda kufungwa, na sekunde za namna hiyo hupotelea kwenye baiskeli iliyopandwa vibaya. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni hupungua kwa takriban asilimia 10 kila miaka kumi kwa wengi, na aliyevuka 50 huhitaji siku mbili, pengine tatu, kati ya mazoezi makali mawili. Hana mazoezi ya kutupa.

Barabara za kwetu zinayatupa. Ukitoka Kampala kuelekea Jinja au Masaka, anayeamua ukanyage kwa nguvu gani ni lori lililo nyuma yako, teksi iliyosimama ghafla na bodaboda inayokuja upande wako. Unakurupuka, unafunga breki, unasimama, unaanza upya. Saa nne za hivyo zinachosha kama mazoezi makali, ilhali hazijengi ile nguvu tulivu ya kilomita 180. Kwenye NEO 2T, wati 140 ni wati 140 kwa saa nzima. Kiwanda kinataja kosa lisilozidi asilimia 1, na haihitaji kusawazishwa kila wiki kama zile za mkanda.

Wati zina faida nyingine ambayo wazee wengi hawaambiwi. Anayemeza dawa za shinikizo la damu za aina ya beta-bloka hawezi kujipima kwa mapigo ya moyo, kwa sababu dawa inayashusha. Wati hazidanganywi na dawa. Ila zungumza na daktari wako kabla ya jaribio lolote la nguvu zote.

Jaribio lenyewe: pasha mwili dakika 20, kisha kanyaga dakika 20 kwa nguvu kubwa unayoweza kuishikilia bila kushuka, uchukue asilimia 95 ya wastani wa wati. Hicho ndicho kizingiti chako, yaani wati unazoweza kuzishikilia kwa takriban saa moja. Mwenye kizingiti cha wati 200 akae kati ya 130 na 150 siku ya mashindano marefu, na kati ya 150 na 170 kwenye nusu yake, kama ile Ironman 70.3 ya Rubavu, Rwanda, iliyoanza 2022. Kizingiti kilichopimwa Kampala, mita 1,200 hivi juu ya bahari, kinafaa kwa Rubavu iliyo kando ya Ziwa Kivu, mita 1,460. Ukienda kushindana pwani, kama Gqeberha ya Afrika Kusini, utakuta una wati chache za ziada. Usizitumie saa ya kwanza.

Mashine ina mtindo wa kushikilia wati yenyewe: ukiiwekea 180 inakupa 180, ukanyage taratibu au haraka. Hapo ndipo magoti yanapoumia. Miguu ikichoka na mizunguko ikashuka kutoka 85 hadi 60 kwa dakika, mashine inaongeza ugumu ili wati zisishuke, ugumu huo unapunguza tena mizunguko, na mwisho pedali zinagoma kabisa. Mtu wa miaka 25 atalazimisha na kesho asisikie chochote. Aliyevuka 55 anaweza kukaa wiki mbili na maumivu chini ya kifuniko cha goti. Kwa hiyo acha kukanyaga sekunde kumi, subiri mashine iachie, rudi kwa mizunguko 90. Kwa mazoezi ya zaidi ya saa moja na nusu, ni heri kuzima mtindo huo na kubadili gia kwa mkono.

Sasa feni, ambayo ndiyo nusu ya pili ya habari ya umeme. Umeme ukikatika mashine inaendelea, feni inasimama, na ruta ya intaneti pia. Intaneti ina dawa rahisi, bando la simu. Feni haina. Bila upepo joto la mwili linapanda, damu inakimbilia kwenye ngozi, na moyo unalazimika kupiga zaidi kwa wati zile zile. Linganisha nusu ya kwanza na nusu ya pili ya zoezi tulivu: mapigo yakipanda zaidi ya asilimia 5 wakati wati hazijabadilika, punguza au shuka. Feni ndogo ya kuchaji inayowekwa mezani haitoshi. Nunua ya kusimama yenye betri, au unganisha feni kubwa na inveta ya sola. Fanya hesabu ya feni pamoja na ya mashine, maana bila feni NEO 2T uliyoilipia kwa sababu ya umeme haitakusaidia siku umeme usipokuwepo. Ukiwa na veranda yenye paa, kanyaga hapo asubuhi kabla jua halijapanda.

Jasho ni jingi kuliko barabarani. Jipime uzito kabla na baada: kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya maji. Wengi huhitaji mililita 500 hadi 750 kwa saa zenye chumvi ndani yake, na ORS ya duka la dawa iliyochanganywa kwa lita moja inafanya kazi hiyo vizuri. Mwenye shinikizo la damu amuulize daktari kwanza kuhusu chumvi. Jasho hilo hilo huozesha chuma: skrubu za shina la usukani na beringi zake hushika kutu kimya kimya. Tandika taulo juu ya usukani na fremu, kisha ukimaliza futa kwa kitambaa chenye maji safi, ukaushe.

Kufunga si kugumu, ila kaseti ya gia za nyuma haimo kwenye boksi. Mashine inapokea kaseti za Shimano za gia 8 hadi 11, na zile za 8, 9 na 10 zinahitaji kipete cha milimita 1.85 nyuma yake. Kaza kwa nyutoni-mita 40. Kunjua miguu ya mashine hadi ikwame, weka pima maji, chagua vishikio vya ekseli yako kati ya vile vilivyomo, kisha pandisha baiskeli. Karibu kila mara mnyororo utakwaruza, kwa kuwa kaseti haikai pale pale ilipokaa ya gurudumu lako. Zungusha kirekebishi cha waya wa gia robo mzunguko kwa wakati mmoja mpaka kelele iishe. Usiguse skrubu za ukomo, zile zinazozuia mnyororo kutoka nje ya kaseti, kama mnyororo hauanguki. Na mashine ina kilo 21.5, umbo lake halishikiki vizuri: iwekwe mahali pa kudumu, isiwe ya kupandishwa ngazi kila asubuhi.

Siti inabana kuliko barabarani, kwa sababu baiskeli haitikisiki nawe hubadilishi mkao. Simama kwenye pedali nusu dakika kila dakika kumi. Ganzi ya sehemu za siri ni ishara ya siti mbaya au iliyoinuliwa pua, na mwanamume mwenye matatizo ya tezi dume asiivumilie hata siku moja.

Haitakufundisha kunywa ukiwa kwenye mwendo, kukata kona wala kukwepa mashimo. Kila wiki mbili toka barabarani Jumapili alfajiri, magari yakiwa machache.

Bei ilipotoka mwaka 2019 ilikuwa dola 1,399. Ukiiagiza mwenyewe ongeza usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kwa maandishi nani atagharamia kuirudisha ikiharibika ndani ya dhamana, maana kusafirisha kilo 21.5 kwa ndege kwenda na kurudi kunaweza kula sehemu kubwa ya thamani yake. Ukiikuta imetumika, ikanyage dakika tano ikiwa imechomolewa ukutani: isipowaka au namba zikirukaruka, iache hapo hapo.