Mgahawa wa Kijapani Masaki: agiza jodari, samoni mwache

Mwenye haraka, hili linamtosha: nenda, kaa kaunta, agiza jodari na pweza, kunywa chai ya kijani, ondoka. Samoni mwache hukohuko kwenye menyu. Wenye nafasi tuendelee.

Mgahawa wenyewe uko Masaki, Dar es Salaam, barabara ya ndani, chini ya jengo la ofisi, na mlangoni wametundika mapazia mafupi ya buluu. Jina silitaji, maana nina malalamiko humu na sipendi kesi. Si ile ya hotelini ambako mtu anamaliza mshahara wa mwezi kwa usiku mmoja, wala si sushi za kwenye friji ya supamaketi. Ni wa kati. Watu watatu tulikula tukashiba, bili ikasoma 251,340. Hizo shilingi za kuning'inia zina mambo yake, nitayafikia.

Tulikuwa mie, mdogo wangu wa kike ambaye ameangalia katuni za Kijapani mpaka anatukana kwa Kijapani, na mjomba. Mjomba ndiye hasa sababu ya kuandika. Umri wake wote umeishia Feri, soko la samaki la mjini, kwenye mnada. Amenunua na kuuza jodari, nguru na kolekole tangu kabla serikali ya Japani haijatoa msaada wa kujenga soko hili la sasa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nikamwambia, mjomba, twende ukawaone waliokujengea soko wanavyokula samaki. Akauliza, "Mbichi?" Nikamwambia mbichi. Akasema, "Haya, lakini unalipa wewe."

Ukivuka mlango tu, vijana wote wa jikoni na wa mezani wanapaza sauti kwa pamoja: "Irasshaimase!" Ndiyo karibu yao. Mjomba kuona vijana wamemwamkia kwa umoja ule, akaitika, "Marahaba, marahaba," akaenda zake kukaa. Jikoni walicheka mpaka mpishi akatoka kuchungulia ni nani. Tangu hapo hatukupungukiwa na kitu.

Kwa huduma nawapa zote. Sisi Waislamu, na vyakula vya Kijapani vina mitego yake. Ile supu nyeupe nzito ya rameni, tambi zao za supu, huchemshwa na mifupa ya nguruwe kwa saa nyingi. Sosi nyingi za kahawia zina mirini, ambayo ni mvinyo mtamu wa mchele. Nikamuuliza binti aliyekuwa anatuhudumia. Hakunipa ile "hamna shida, dada" ya kumfurahisha mteja. Alikwenda jikoni akarudi na majibu, sahani kwa sahani: rameni ya kuku, supu yake ni kuku mtupu; sosi ya teriyaki ina mirini, ila wanaweza kutupikia nyingine ya soya na sukari; gyoza, vile vifuko vya unga vya kujazwa nyama, zina nguruwe, tusiziguse; na nguruwe anakaangwa jikoni humohumo ingawa kikaango chake ni cha peke yake. Akatuachia wenyewe tuamue. Tulikula. Asiyeweza kula panapopikwa nguruwe, hapa si pake, na ni afadhali alijue hilo kabla ya kupaki gari.

Sasa wali, maana sushi ni wali kwanza, samaki baadaye. Tulikaa kaunta, mpishi yuko mbele yetu, kijana wa hapahapa mwenye kilemba cheupe. Analowesha viganja kwenye bakuli la maji yenye siki, anachota tonge, analizungusha kidogo, anapaka wasabi, ile rojo kali ya kijani, kwa ncha ya kidole, analaza kipande cha samaki juu, anabana mara mbili, kwisha. Wali una siki, sukari na chumvi, na una joto la mwili. Sisi wa pwani wali tunausifu kwa kuchambuka. Huu kazi yake ni kushikamana bila kuwa bokoboko: ukiuinua haumeguki, ukifika mdomoni unaachia. Waliupatia. Mjomba alijaribu vijiti, akaviweka pembeni, akala kwa mkono huku ananikodolea macho akingoja nimkataze. Sikumkataza. Nigiri, yaani tonge hilo la wali na samaki juu, hata Japani kwenyewe inaliwa kwa mkono.

Ila wali huohuo ukiuagiza mchana, kwenye lile boksi lao la ofa la 25,000, ni kitu kingine kabisa. Ofisini kwetu tumeshaletewa. Punje zimekakamaa, katikati baridi. Hapo boksi limefungwa asubuhi likalala kwenye friji, na wanga wa mchele ukikaa kwenye ubaridi unakaza. Haurudi mpaka upate moto. Mtu anayebana tonge kwa ustadi ule jioni hana sababu ya kuuza vitu vile mchana.

Nimesema samoni mwache, nieleze. Mie kazi yangu ni kutoa mizigo uwanja wa ndege, upande wa kago, kwa hiyo yale maboksi meupe mepesi ya samaki nayafahamu, na gharama za kumleta samaki kwa ndege nazifahamu zaidi. Bahari ya Hindi haina samoni. Anafugwa vizimbani Norwei, na kabla hajafika Masaki ameshavuka mabara. Na kumla mbichi hata kwa Wajapani si jambo la kale. Samoni wao wa Pasifiki walimla amepikwa au ametiwa chumvi, kwa kuogopa minyoo. Ni Wanorwei waliokwenda kuwashawishi miaka ya 1980 wamle wa kwao mbichi, kwa kuwa walifuga wengi na walitafuta soko. Kwa hiyo anayekwambia bila samoni hakuna sushi, mwambie apunguze sauti.

Pale vipande viwili vya samoni ni 19,000. Vya jodari 14,000. Samoni alikuwa hana kosa: baridi, mafuta, kaacha maji kidogo kwa kuyeyushwa haraka, basi. Jodari ndiye aliyenyamazisha meza. Mwekundu wa kukolea, si ule wa kung'aa kupita kiasi. Mjomba alikiinua kipande kwenye taa, akakinusa, akakibonyeza kwa kidole gumba, mdogo wangu akitaka ardhi ipasuke immeze. Kisha akamgeukia mpishi: "Huyu wa mshipi au wa nyavu?"

Wa mshipi, akajibiwa. Akatolewa damu wapi? Palepale chomboni. Barafu? Tangu chomboni mpaka hapa. Mjomba ndipo akala. Wenyewe tukidhani ni mbwembwe, akatusomesha: jodari aliyeachwa juani, hata ukimpika mpaka awe mkaa, atakuwasha mdomo na kichwa kitauma. Na ni kweli kabisa. Jodari, sehewa, nguru na vibua, wakikosa barafu, nyama yao inatengeneza histamini, na histamini haiuawi na moto. Kwa hiyo swali la barafu ni la kila mla jodari, hata wa nazi. Kwenye mgahawa wa samaki mbichi ndilo swali la kwanza, na ukiona mhudumu analikwepa, agiza kuku.

Menyu imeandika pia "otoro", ile minofu ya tumboni yenye mafuta. Nikaagiza kwa makusudi. Hamna. Bila shaka hamna. Mafuta yale sifa yake ni ya jodari wakubwa wa bahari za baridi, wa kwetu mwenye mapezi ya njano nyama yake ni kavu na safi. Sioni kwa nini wamechapisha kitu wasichonacho, wakati walichonacho wamekificha. Maana pembeni ya kaunta, nyuma ya mtungi wa maua, kuna ubao mweusi umeandikwa kwa chaki samaki wa leo: jodari, changu, pweza. Hakuna mhudumu aliyeutaja. Kurasa zote za mbele za menyu ni samoni wa hivi, samoni wa vile, samoni na jibini. Ukikaa meza za ndani, ubao huuoni. Uulizie.

Pweza tulimla kwenye takoyaki, na hapa mjomba alijisikia nyumbani. Ni chakula cha Osaka: uji wa unga wa ngano na mayai unamiminwa kwenye chuma chenye vishimo vya duara, anatumbukizwa kipande cha pweza, vinageuzwageuzwa kwa kijiti mpaka viwe madonge. Chuma chenyewe ni kile cha vitumbua, hata ungempelekea bibi wa Kariakoo angekitambua. Ndani laini ya kuunguza ulimi, nje pamekauka kidogo, na pweza hakuwa mpira. Juu wananyunyiza maganda membamba ya samaki aliyekaushwa kwa moshi akaparwa, na kwa ule mvuke yanajikunja na kutikisika. Mjomba akasogeza kiti nyuma. "Huyu hajafa." Mdogo wangu ndiye aliyemtuliza. Vidonge sita ni 22,000, na hii ndiyo pesa iliyotumika vizuri kuliko zote usiku ule.

Changu wa kuchoma kwa chumvi, 36,000, alikuja mzima na figili iliyokunwa pembeni. Ngozi imekaushwa vizuri, nyama bado ina maji yake. Mjomba akaomba ndimu na pilipili, wakamletea bila kununa. Kwa mizani ya Forodhani au ya Kigamboni bei ni ya kukaba, lakini uchomaji huo sijauona huko.

Kuhusu rameni: yai lilikuwa zuri. Tambi zimeiva kupita, supu vuguvugu, 32,000. Mdogo wangu aliitetea kwa sababu bakuli linafanana na la kwenye katuni. Supu ya miso, ile ya soya iliyochachushwa, ya kawaida. Lile rolli lao la "dragon", wali wa kuzungushiwa mwani, 34,000, limejaa mayonezi kiasi kwamba sikujua nakula nini. Wasabi ya kwenye bomba si wasabi, ni mzizi mwingine mkali uliotiwa haradali na rangi ya kijani, lakini kwa hilo siwalaumu. Wasabi halisi ni ghali na hata Japani migahawa ya bei hii inatumia hiyohiyo. Onyo tu kwa wazoefu wa pilipili: haichomi ulimi, inapanda puani, na ujasiri wa pilipili mbuzi au pilipili kichaa hautakusaidia.

Mdogo wangu aliuliza kama mwani wa kuzungushia unatoka Paje, kwa akina mama wetu. Hapana. Ule wa Unguja, unaolimwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, ni wa aina nyingine. Unakwenda viwandani kufanya vitu kama dawa ya meno na maziwa ya kopo viwe vizito. Huu wa sushi ni nori, unakuja umeshabanwa kama karatasi.

Sasa bili. Bei zote za menyu hazina VAT. Limeandikwa, ndiyo, chini ya ukurasa wa mwisho, kwa herufi za kutafutia miwani. Tulivyojumlisha wenyewe mezani ilikuwa 213,000. Ikaongezwa asilimia 18, yaani 38,340, ndiyo hiyo 251,340. Kodi silalamikii, nayo ndiyo inayoniweka kazini, na risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, walileta bila kuombwa. Ninacholalamikia ni kumwekea mtu 14,000 machoni huku unajua atalipa 16,520. Mwandikieni mteja bei anayoilipa.

Wakati nahangaika na risiti, mjomba alikuwa ameshamuuliza mpishi kilo ya jodari anainunua shilingi ngapi. Alipotajiwa alishika kichwa. Wakahamia pembeni ya kaunta, wakanong'ona, wakapeana namba. Bei ya jodari ikishuka pale, mtajua imeanzia wapi.

Maelekezo: kutoka mjini pitia daraja la Tanzanite, ila Ijumaa jioni toka mapema. Kaunta ina viti vichache, piga simu ushikiwe. Chukueni mtandio au koti, kiyoyozi kimewekwa kwa ajili ya samaki. Aiskrimu ya matcha, chai ya kijani ya unga, ni chungu kidogo na nzuri, 12,000, bila VAT.