Gesti moja Raskazone, Tanga: mapokezi hawaitikii salamu

Nimekaa na hili jambo tangu tuliporudi nikidhani litapoa. Halijapoa, kwa hiyo naandika.

Sisi ni mashoga wa siku nyingi, wote wa Dar, na safari hii tulikubaliana tusisubiri Desemba ndiyo tutoke. Tutoke kipupwe, wakati jua halikaangi mtu na mji unatembeleka kwa miguu mchana kutwa. Zanzibar tuliiondoa mapema, maana kusi likivuma bahari inachafuka na mmoja wetu boti haimpendi kabisa. Ikawa Tanga. Programu ilikuwa nyepesi: Mapango ya Amboni, makumbusho ya Urithi kwenye lile Boma la Wajerumani, halafu Jumapili asubuhi Machui, kwenye kaburi la Shaaban Robert. Hilo la mwisho lilikuwa ombi la dada yetu mkubwa. Ni mwalimu wa Kiswahili, amefundisha mashairi ya mzee yule miaka chungu nzima na hajawahi kufika.

Vyumba viwili tulivilipia kianzio kwa simu mapema, na gesti wenyewe wakajibu meseji: imepokelewa, karibuni sana.

Tulifika usiku, manyunyu yanadondoka, mabegi mikononi. Dada mkubwa akatangulia. "Hodi." Kimya. "Asalaam aleikum." Binti wa mapokezi yuko pale pale mbele yetu, anaangalia video kwenye simu, sauti juu. Dada akarudia salamu. Yule binti, bila kuinua uso: "Vyumba vimejaa."

Tanga hii! Mji ambao muuza samaki hakutajii bei mpaka ajue umeamkaje na watoto hawajambo. Mtu mzima anakupigia hodi mara mbili, wewe unamjibu vyumba vimejaa?

Nikamwonyesha meseji. Akasema, "Hiyo namba siyo ya kwetu, labda mmetapeliwa." Namba yenyewe imeandikwa kwa rangi ya kijani ukutani, juu ya kichwa chake. Nikamsomea tarakimu moja moja mpaka ya mwisho. Ndipo akavuta daftari la wageni, na kabla hajaliziba kwa kiganja nikaona jina la dada limeandikwa kwa penseli, limekatwa kwa kalamu ya bluu, na juu yake limebanwa jina la mtu mwingine. Kumbe kulikuwa na harusi mjini, wageni wa harusi wamelipa taslimu, vyumba vyetu wakapewa wao. Nilipomuuliza kwa nini hawakutupigia, jibu lake: "Nyie watu wa Dar mna maneno sana."

Mwisho tukapewa chumba kimoja na godoro la kutandika chini. Na haki isemwe, chumba kilikuwa kisafi, neti haina tundu, maji yanatoka. Mzee mlinzi alitubebea mabegi, akatuita wanangu, akatuomba radhi kwa kosa lisilo lake. Na asubuhi tukakutana na mama wa jikoni. Mbaazi za nazi, tui zito limejiweka pembeni ya bakuli, mahamri yanatoka kwenye karai yananukia iliki. Alituuliza majina, na kesho yake akatuita kila mtu kwa jina lake. Pale mezani nilisema basi, nimewasamehe. Kama unafuata chakula, nenda tu.

Amboni tulikwenda Jumamosi na ilikuwa nzuri kupita tulivyotarajia. Yule kijana wa kutembeza wageni, kila tulipofika penye mwamba wa kuinamia, alimmulikia dada miguuni kwanza: "Taratibu mama, inamisha kichwa hapa." Hakuambiwa na mtu.

Halafu ikaja Jumapili. Tulitaka hela ya chumba ambacho hatukulala, tukaambiwa meneja anakuja sasa hivi. Hiyo sasa hivi ilikula asubuhi nzima. Dada amekaa barazani kwenye kiti cha plastiki, ameshavaa, mtandio kichwani, mkoba mapajani, na yule binti anapita mbele yake anakwenda anarudi, hata shikamoo hakuna. Meneja alipotokea alirudisha hela yote bila ubishi, akaongea kiungwana, sina neno naye. Lakini muda wa basi ulikuwa umefika. Machui hatukwenda. Shaaban Robert amezaliwa Vibambani mwaka 1909, amelala Machui, hapo hapo njia ya Pangani, na mwalimu aliyemaliza ujana wake kumfundisha ametoka Dar mpaka Tanga amerudi hajafika. Ndani ya basi hakusema kitu mpaka Segera. Hela zimerudi, asubuhi ile nani atairudisha?

Wapo walioniambia nimwonee huruma binti, labda alichoka, labda aliamriwa na wakubwa zake. Kuuza vyumba labda aliamriwa. Kutoitikia salamu ya mtu mzima hakuamriwa na yeyote.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na nia ya kutoa nyota tatu, kwa ajili ya usafi na meneja. Sasa natoa moja. Nayo ni ya mama wa jikoni na mzee mlinzi, na ningekuwa na njia ya kuwapa wao peke yao bila gesti kupata chochote, ningewapa zote tano. Kipupwe kijacho tunarudi Tanga, Machui ndiyo ya kwanza, na tutalala Chumbageni.