Mlima Meru kwa njia ya Momella: lipia siku nne, usikubali tatu

Meru una mita 4,562, chini ya Kilimanjaro kwa zaidi ya mita 1,300, na ndiyo maana wengi huudharau. Njia yake ni kali kuliko sifa zake.

Siku ya kwanza ni nyepesi: kutoka lango la Momella, kama mita 1,500, hadi vibanda vya Miriakamba, mita 2,514. Panda kwa njia ndefu inayopita chini ya tao la mti wa mtini, kwa kuwa mwinuko wake ni wa taratibu. Ile fupi iache ya kushukia. Nyati na tembo wapo, hivyo askari wa hifadhi mwenye bunduki ni lazima. Usimtangulie, wala usibaki nyuma kupiga picha mbega.

Kazi inaanza siku ya pili. Kutoka Miriakamba hadi vibanda vya Saddle, mita 3,570, msitu unapandwa kwa ngazi za magogo na udongo. Mvua husomba udongo nyuma ya gogo, kwa hiyo hatua moja inafika kwenye kifundo cha mguu na inayofuata karibu na goti. Kasoro kubwa ya njia hii ni hiyo. Usikanyage gogo lililolowa, linateleza kama sabuni; kanyaga udongo ulio nyuma yake. Fimbo za kutembelea zifupishe unapopanda, zirefushe unaposhuka. Ukifika mapema, panda Meru Ndogo, mita 3,820, kisha urudi kulala chini: mwili unazoea hewa nyepesi.

Malazi yanastahili sifa. Vyumba vina vitanda vya ghorofa na magodoro, na kuna ukumbi wa kulia chakula. Begi la kulalia ni lako, na liwe la baridi ya chini ya sifuri.

Safari ya kileleni huanza saa saba au saa nane usiku. Kuna miamba iliyolala upande kabla ya ukingo wa kasoko, yaani shimo la volkano, halafu majivu yanayorudisha mguu nyuma. Betri za tochi zikae mfuko wa ndani, baridi inazinyonya. Kichwa kikiuma na kutapika kukianza, geuka. Dawa ya maumivu huficha dalili tu.

Sasa suala la siku tatu. Ratiba hiyo hupunguza gharama, lakini siku ya mwisho inakudai upande karibu mita 1,000 usiku, kisha ushuke zaidi ya mita 3,000 hadi langoni, kupitia zile zile ngazi, ukiwa hujalala. Magoti huumia hapo, na kucha za vidole gumba huwa nyeusi kwa kugonga ncha ya kiatu. Kwa siku nne unalala Miriakamba tena na kumalizia asubuhi. Kata kucha kabla ya safari, kaza kamba za kiatu upya kabla ya kushuka, na ukwepe masika, Machi hadi Mei.