PUDL: jumla inayokuonyesha ilikotoka

Kama mizania bado inakutia kizunguzungu, PUDL, hazina ya data za kampuni za umeme za Marekani, haikufai kwa sasa. Lakini kama unaisoma bila taabu, na hasa kama unafundisha uhasibu kama mimi hapa Malindi, hii ni kazi ya bure itakayokufaa sana.

Hazina hiyo inaandaliwa na Catalyst Cooperative. Mimi nimefuata sehemu moja tu: Fomu 1 ya FERC, tume inayosimamia biashara ya umeme baina ya majimbo ya huko. Kila mwaka kampuni kubwa hujaza humo vitabu vyao kwa namba za akaunti zilizo sawa kwa wote: 101 ni mali ya umeme inayotumika, 107 ujenzi usiokamilika, 108 uchakavu uliolimbikizwa, 440 mauzo ya majumbani, 444 taa za barabarani. Wanafunzi wangu wamezoea vitabu vya duka na vya hoteli za ufuoni. Wakikutana na akaunti ya nguzo peke yake, ya transfoma peke yake na ya mita peke yake, maswali hayaishi.

Tabu ya fomu yenyewe ni kwamba majumuisho yake yametawanyika. Mizania ya mali iko ukurasa wa 110, lakini mstari wa mali ya umeme hapo umetoka kwenye muhtasari wa ukurasa wa 200, na nguzo na transfoma zenyewe ziko ukurasa wa 204. Uchakavu una ukurasa wake, 219. Unganisha majedwali hayo bila kujua nani kamjumlisha nani, utaihesabu transfoma moja mara tatu.

Hapo ndipo PUDL inapojilipia. Kila jumla imeandikiwa viambata vyake, kila kiambata kiko jedwali gani, na kizidishi chake: 1 cha kuongeza, -1 cha kutoa. Jumla ni mzazi, viambata ni watoto, hata wakikaa jedwali jingine. Ukifuata ukoo huo unateremka kutoka mizania hadi kwenye akaunti ndogo kabisa bila kurudia kitu. Msingi wake ni XBRL, muundo wa ripoti za kidijitali unaoipa kila namba lebo yake, ambao FERC imeutumia tangu ripoti za mwaka 2021. Data za 1994 hadi 2020 zilikuja kwa FoxPro, programu ya zamani ya hifadhidata, zikiwa namba tupu zisizosema nani ni jumla ya nani.

Nilichokipenda kuliko vyote ni mistari ya masahihisho. Watoto wakikataa kufika kwenye jumla iliyoripotiwa, hakuna namba inayofutwa. Unaongezwa mstari wenye tofauti hiyo, umewekwa alama wazi kwamba ni wa kusahihisha. Nimeona wahasibu wenye vyeti vya kutundikwa ukutani wakiificha tofauti ndogo kwenye "matumizi mengineyo". Mstari huo haukuambii sababu, hiyo utaitafuta mwenyewe.

Maelezo yote ni ya Kiingereza, na majina ya majedwali ni marefu kupita kiasi. Mafaili makuu ni ya Parquet, muundo wa kuhifadhia majedwali makubwa. "Shangazi, hii haifunguki kwa kubonyeza tu kama Excel," mtoto wa kaka yangu aliniambia, na yeye ndiye fundi wa nyumba. Asiyejua SQL wala Python, lugha za kompyuta za kuchambulia data, atumie ukurasa wao wa kutazamia: unachuja kampuni na mwaka, unapakua CSV inayofunguka kwa Excel, bando lako linasalimika. Leseni ni CC BY 4.0, kwa hiyo kuchapia darasa ruksa, mradi utaje ulikozitoa.

Anza na majedwali yanayoanza na out_, ndiyo yaliyoandaliwa kwa mtumiaji. Yanayotanguliwa na kistari cha chini ni ya jikoni kwao. Chagua kampuni moja na mwaka mmoja, uteremke kutoka akaunti 101 kwanza. Uchakavu uuache mwishoni, una alama za kutoa nyingi.