Kayaba Excel-G kwenye Runx: shokapu nzuri, shida iko kwenye kufunga

Nimezifunga mbele tu, kwenye Toyota Runx NZE121. Zimeshatembea kilomita 14,000, karibu nusu yake barabara ya vumbi yenye rasta, na hazijatoa jasho la oili. Ukishika breki pua haizami, na ukivuka tuta gari linatulia mara moja, halineseneshi. Aliyezoea shokapu zilizokufa ataziona ngumu siku za mwanzo. Si ngumu. Hizi zimetengenezwa kulingana na zile gari lilizotoka nazo kiwandani, na huo "ugumu" ni kazi ambayo za zamani ziliacha kuifanya.

Kabla hujanunua, hakikisha tatizo ni shokapu kweli. Kugonga "ko-ko-ko" kwenye vishimo vidogo, mara nyingi ni stabilaiza linki (kijiti kinachounganisha shokapu na chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona) au bushi (raba za viungo). Ukikata usukani umesimama ukasikia springi inaruka "twang", angalia beringi ya mauntingi juu (kile kishikio chenye raba kinachofunga shokapu kwenye bodi). Shokapu iliyokufa inaonekana kwingine: oili inayotiririka mwilini (ukungu mwembamba karibu na sili, ile raba inayozuia oili isitoke, usikutishe), tairi linaloliwa kwa mabonde mabonde ukilipitishia kiganja, na gari linaloyumba barabara kuu ukikata kona yenye mawimbi. Ile ya kukandamiza bodi na kuhesabu linanesa mara ngapi inakamata tu shokapu iliyokufa kabisa.

Boksi lina shokapu na nati yake, basi. Mauntingi, beringi, dasti kava na raba ya kugotea unanunua mwenyewe, na hapo ndipo wengi wanajibana. Dasti kava iliyochanika inaacha vumbi likae kwenye rodi (ile fimbo ya kromu inayoingia na kutoka), rodi inalivuta mpaka kwenye sili, na sili ikishakwanguka oili inatoka. Kwa barabara zetu siioni kama nyongeza. Nunua mbili mbili, na usibadilishe upande mmoja tu hata kama ni mmoja unaovuja. Kulia na kushoto ni vipande tofauti, kwa hiyo kagua kishikio cha paipu ya breki na cha linki kabla hujaondoka dukani, iwe Kariakoo, Dar, au Kirinyaga Road, Nairobi. Za mtumba sizishauri: zinaoshwa zikang'aa, huwezi kujua zilikuwa zinavuja au la.

Ndani kuna mirija miwili, oili na gesi ya nitrojeni ya shinikizo dogo. Shokapu ikilala dukani muda mrefu, gesi inaweza kuhamia upande wa oili. Isimamishe wima, ikandamize mpaka chini, iachie, rudia mara nne au tano. Ikiwa nzima, rodi inapanda yenyewe, taratibu na kwa mwendo mmoja. Ikishuka kwa kuruka hatua hata baada ya hapo, irudishe.

Kutoa si kazi ngumu. Gari likiwa bado chini, legeza nati ya katikati juu ya mauntingi nusu mzunguko tu. Inua, weka stendi (jeki peke yake hapana), toa tairi. Fungua kishikio cha paipu ya breki na waya wa ABS, kisha linki. Bolti ya linki ikizunguka na nati yake, shika ncha kwa alenki (spana ya pembe sita inayoingia ndani). Bolti mbili za chini zipige alama ya rangi zilivyokaa, kwa sababu matundu yana nafasi kidogo na nafasi hiyo ndiyo inayoamua tairi lisimame wima au lilale. Kabla hujazichomoa, ifunge haba (kitovu cha gurudumu) kwa kamba. Ikianguka nje inavuta paipu ya breki, na ekseli inaweza kuchomoka ndani kwenye jointi. Nati tatu za juu ni za mwisho, mtu mwingine akiwa ameshika shokapu.

Springi inahitaji kompresa mbili, moja kila upande, zikazwe kwa zamu mpaka springi icheze kwenye kiti chake. Ndipo nati ya katikati itoke. Waya na kamba za manila ninazoziona zikitumika gerejini ni kuchezea meno ya mtu.

Shokapu mpya nyingi zinaharibiwa hapa. Nati ya katikati ikigoma, fundi anabana rodi kwa plaizi. Angalia kromu baadaye: vialama vya meno, vidogo kama mikwaruzo ya kucha, na kila kimoja kinapita kwenye sili maelfu ya safari kwa siku. Baada ya wiki kadhaa oili inaanza kutoka, na lawama inaenda kwa shokapu. Bunduki ya upepo nayo usiruhusu, inazungusha rodi na inaweza kulegeza pistoni ndani. Kaza kwa mkono.

Wakati wa kurudisha, ncha ya springi ikae kwenye ngazi ya kiti cha chini, na kiti cha juu chenye alama OUT kitazame nje ya gari. Vipimo vya gari hili: nati tatu za juu 39 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), ya katikati 47, linki 74, bolti za chini 153, nati za tairi 103. Bolti za chini ndizo zinazoachwa zimelegea kwa kukaza kwa makisio. 153 ni nguvu nyingi kuliko mkono wa spana ya kawaida unavyokwambia.

Alaimenti (kupima na kupanga pembe za tairi) ni lazima hata kama alama zako za rangi zimerudi sawasawa. Nilipima kulia na kushoto zikatofautiana. Baada ya kilomita 500 pitia tena nati za juu na linki. Kwangu linki moja ilikaza robo mzunguko.

Nyota nne. Ya tano nimeishikilia kwa sababu ya boksi kuja bila dasti kava.