Waliniambia "ni maktaba tu": uzoefu wangu na huduma ya kuhifadhi msimbo

Nilikusudia kuwapa nyota tatu. Huduma yenyewe si mbaya, na kwa miezi kadhaa sikuwa na neno nayo. Lakini kila nikikumbuka sauti ya yule kijana kwenye simu, mkono unakataa.

Sisi ni watatu, ofisi yetu iko ghorofani, Oginga Odinga Street hapa Kisumu. Tunaunda mifumo ya biashara ndogo: mmoja wa duka la dawa, mmoja wa duka la vifaa vya ujenzi, mmoja wa chama cha akina mama. Yote mitatu inatumia msimbo uleule, yaani maagizo ya programu, wa kukagua nambari za simu, kupiga hesabu ya VAT na kuchapa risiti. Zamani tulikuwa tunaunakili tu kutoka mradi hadi mradi. Aprili 2020, VAT iliposhushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, tukarekebisha mara tatu. Januari 2021, iliporudi asilimia 16, tukarekebisha mara mbili! Mzee mwenye duka la vifaa pale Kondele aliendelea kutoa risiti za asilimia 14 hadi mteja wake alipomuuliza. Niliona haya kusimama mbele yake.

Ndipo tukaamua msimbo huo uwe maktaba, yaani kifurushi kimoja ambacho kila mfumo unakitumia bila kukinakili, ikae mahali pamoja. Wapi? Hapo tulibishana wiki nzima. Mwenzangu alitaka miradi yote na maktaba viwe katika ghala moja la Git, ile programu ya kutunza msimbo na mabadiliko yake. Raha yake naijua: ukigusa kitu, unaona papo hapo kilichovunjika. Lakini mikataba yetu inasema mteja akimaliza kulipa anakabidhiwa msimbo wake. Nitamkabidhije mwenye duka la dawa ghala lenye hesabu za chama cha watu? Tukajaribu ile njia ya kupachika ghala ndani ya ghala; kila aliyenakili mradi akasahau amri moja alikuta folda tupu. Tukachoka, tukalipia huduma hii. Maktaba inakaa kwao, kila mradi unataja toleo unalotaka, basi.

Sasa Ijumaa moja, mwisho wa mwezi, duka la dawa likapiga simu: mfumo unakataa nambari zinazoanza na 01. Kumbe maktaba yetu ilijua 07 peke yake. Kosa letu hilo, nakubali. Nikalirekebisha kwa dakika chache, nikataka kutoa toleo jipya. Ghala lao likanikatalia. Nikajaribu hata kuchukua toleo la zamani, wapi.

Nikawapigia simu, akapokea yule kijana. "Bosi, mfumo wako uko hewani?" Uko. "Basi tulia. Hiyo ni maktaba tu. Itaangaliwa Jumatatu."

Maktaba tu! Kumbe kwenye orodha yao seva ya mfumo ni ya dharura, maktaba iko chini kabisa. Nikamweleza kwa upole kwamba mifumo mitatu inaning'inia hapo. Nikamkumbusha yaliyotokea Machi 2016, kifurushi cha left-pad chenye mistari 11 kilipoondolewa na mwenyewe kwenye npm, ghala la vifurushi vya JavaScript, miradi duniani kote ikashindwa kujengwa. Mistari 11! Akanijibu, "Kwani dawa si zinauzwa?" Akakata.

Hazikuwa zinauzwa kwa kila mtu. Mama aliyekuja na nambari ya 011, asiye na pesa mkononi, alirudishwa mlangoni. Saa nne usiku nikainakili maktaba kwa mkono ndani ya mradi wa duka la dawa, jambo lilelile tuliloapa hatutalirudia. Miradi mingine miwili ikabaki na kosa hadi wiki iliyofuata. Radhi sikuombwa. Nilipata ujumbe mfupi tu kwamba tatizo limefungwa.

Wazo la kuitenga maktaba bado naliamini, na kwa kasi hawa jamaa ni wazuri, siwezi kuwanyima hilo. Ila sasa nakala ya kila toleo inakaa kwenye kompyuta yetu wenyewe, chini ya meza. Nyota tatu zimekuwa moja. Wakiipandisha maktaba kwenye ile orodha yao, nitarudi.

La, sirudi. Pesa ya mwezi huu ilishakatwa, na naitaka.